Nani Alizinywesha Nguzo Maji

Tangi lilipoanguka halikupiga kishindo mara moja. Kwanza nguzo moja ilikunja goti, polepole, kama ngamia wa wale wafanyabiashara wa kaskazini anapoambiwa aketi. Kisha maji yakashuka yote kwa mpigo, na hapo ndipo kishindo kikaja. Mimi nilikuwa nyuma kidogo ya mstari na punda wangu wawili. Mke wangu Kalekye alikuwa mbele kabisa, pale bombani, ananishikia nafasi. Alikuwa amegeuka kunicheka kwa sababu punda mmoja alikuwa ameninyang'anya kofia na anaitafuna. Kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichokiona kwake.

Niliamka nimelala chini ya bati la kioski. Mguu wa kulia sikuusikia. Matope yalikuwa yamejaa mdomoni. Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa mama mzee, kitambaa cha kichwa kimemtoka, magoti yake kwenye matope, anachimbua kwa mikono. Alishika kipande cha nguzo ili akitupe kando. Kikamvunjikia mkononi. Akakisagasaga kati ya vidole, kikawa unga mkavu, huku maji yanatuzunguka pande zote. Akanitazama. Mimi ndiye niliyefunga macho, na sio kwa sababu ya maumivu.

Mama huyo ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake analo, na watu wa huku kati ya Kanyangi na Mutomo wanalijua, lakini sisi tulimwita Mwalimu wa Kura, na yeye aliitikia. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliachia darasa la nne nikaenda kuchunga mbuzi. Nikikosea mahali, msomaji anivumilie. Maneno ninayo.

Alikuwa amefundisha ngumbaru kwanza, wazee kwa wazee wakijifunza kuandika majina yao. Kisha ukaja mradi wa Wazungu wa kufundisha watu haki zao, akachukuliwa. Mradi ulipokwisha, wenzake walirudisha pikipiki na kwenda zao kutafuta kazi nyingine. Yeye alirudisha pikipiki, akaendelea kwa miguu. Ungemkuta kwenye mkutano wa kanisa, kwenye mnada wa mbuzi, kwenye foleni ya maji, kiondo begani, anauliza vijana, "Kitambulisho umechukua?" Kijana akisema ndiyo, anamuuliza, "Cha nini?" Kijana anasema cha kusajili laini ya simu. Basi hapo amejipalia makaa. Atasimamishwa juani mpaka ajue wadi yake ni gani, memba wake ni nani, na pesa za wadi zinapitia mlango upi.

"Mwaitu, nina haraka," wangemwambia. Mwaitu kwetu Wakamba ni mama yangu, na mama yeyote wa heshima anaitwa hivyo.

"Haraka ya wapi? Hata kazi huna. Ndiyo maana nakuuliza."

Shuleni alikuwa akiwafundisha watoto kura kwa mbegu. Mgombea mmoja ni mahindi, mwingine ni ndengu, mwingine kunde. Kila mtoto anaenda nyuma ya pazia la gunia, anatia mbegu moja kwenye kibuyu. Mwaka fulani mtoto mmoja, wa ndengu, alileta mandazi ya mama yake akayagawa darasa zima. Walimu wengine walitaka achapwe. Mwalimu wa Kura akakataa. Akaacha ndengu ishinde. Kisha akawaambia watoto, "Haya, kiongozi wenu huyu hapa. Aliahidi nini?" Wakakumbuka kwamba aliahidi kuwaletea mpira. Basi kila akija pale shuleni, anamwita mbele, anamuuliza mpira uko wapi, na darasa linasimama kungoja jibu. Binti yangu Mumbua alikuwa katika darasa hilo. Alirudi nyumbani akicheka hadi akashika tumbo, akasema yule mtoto ameomba ahamishwe shule.

Mambo yake mengine yalikuwa ya kuchekesha kwa upande wa pili. Huyu aliyetufundisha sauti ya kila mtu ihesabiwe, nyumbani kwake alikuwa serikali peke yake. Mume wake, mzee mpole wa kufuga nyuki, aliniambia siku moja nikiwapelekea maji, "Baba Mumbua, hapa kwangu hakuna upinzani. Mimi huambiwa tu tumekubaliana." Naye Mwalimu kutoka jikoni, "Si tulikubaliana!" Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ikipikwa, ni yeye aliyesema itapikwa. Mbuzi akiuzwa, ni yeye. Mzee alikuwa akilalamika akitabasamu.

Na alihudhuria mikutano yote ya kampeni, ya kila chama, akala wali wa kila mmoja. Fulana alipokea zote. Tulimuuliza kama si rushwa. Akatuonyesha: zote alikuwa amezikata kuwa vitambaa vya kupangusia ubao. Sura ya Mheshimiwa Kavuti, memba wetu wa wadi, ilikuwa imefuta hesabu za watoto hadi pua ikaisha. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe alimpigia kura nani, angekufukuza. Nilimsumbua sana mara moja, nikimtania kwamba lazima alimpigia Kavuti kwa sababu ya wali. Alikasirika kweli. Alisema pale nyuma ya pazia ndipo mahali pekee ambapo mtu maskini hana wa kumwogopa, na mimi nataka kuingia na punda wangu.

Ule mradi ulimpeleka Ulaya mara moja, yeye na walimu wengine wa uraia, wakaone vile wenzao wanawafundisha vijana na wapiga kura. Alirudi na kofia ya sufu ambayo aliivaa hata kiangazi cha kuua mbuzi. Tulikaa kumsikiliza tukidhani tutaambiwa habari za dhahabu.

"Wazungu nao hulala mkutanoni," alianza. "Mzee mmoja alikoroma mpaka mkalimani akanyamaza."

Tukacheka. Kisha akatuambia alichokiona. Kijana wa shule, wa chunusi, alimuuliza meya wa mji wao kwa nini basi la shule halipiti mtaani kwao. Meya akaanza kuzunguka, akashukuru swali, akataja mipango. Yule kijana hakuketi. Mwenzake akasimama kando yake, halafu mwingine, bila kelele, na meya akatokwa jasho na baridi yote ile ya nje.

"Na basi walipata, mwaitu?" nikamuuliza.

"Sijui, mwanangu. Sisi tulipelekwa kula."

Lakini lile la kusimama alikuja nalo, akalipanda kwetu. Sheria yake ilikuwa hivi: mtu akiuliza swali kwenye baraza, haketi mpaka ajibiwe. Na kila mwenye kulitaka jibu hilo anasimama pia. Hakuna kupiga kelele wala kupiga miluzi. Mnasimama tu. Mwanzoni chifu alidhani tunataka kutoka. Baadaye akazoea. Dawa za zahanati zilipatikana hivyo. Mwalimu wa hesabu alipatikana hivyo, ingawa hakukaa. Watu wa kutoka upande wa Makueni, ambao wao walitutangulia katika mambo haya ya kusimamia miradi na kuikagua, walikuja kututazama. Tulijiona watu.

Sheria yake ya pili ndiyo iliyotumaliza, nayo ilikuwa ya upole. Hakuwahi kumtaja mtu kwa nguvu. Kwenye kikundi chetu cha mwethya, tunapochimbiana matuta mashambani kwa zamu, toroli ya kikundi iliibwa. Mzee Kimeu alikuwa mwenyekiti. Kulikuwa na mama mjane ambaye kila mtu alijua aliona, na Kimeu akataka asimamishwe aseme. Mwalimu akakataa. "Mwacheni. Mkimvuta, atasema mnachotaka nyinyi. Swali limeulizwa. Tumngoje." Tukangoja, tukachimba matuta na tukarudi nyumbani. Kikao kilichofuata mjane alisimama mwenyewe, akasema toroli iko kwa ndugu yake Kimeu, imefunikwa na majani ya mahindi. Ikapatikana. Kuanzia siku hiyo Mwalimu aliamini kungoja kama wengine wanavyoamini maombi. Na Kimeu naye hakusahau, nadhani, ila yeye alikuwa akikumbuka kwa namna yake.

Sasa nifike kwenye tangi.

Maji ya kwetu unayajua kama umewahi kupita huku. Tunachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, tunangoja yajae shimoni, tunachota kwa kata. Mimi maisha yangu yote nimekula kwa jasho la punda, nikibeba maji hayo kuyapeleka sokoni na majumbani. Mheshimiwa Kavuti alipotangaza tangi la juu ya mnara pale sokoni, na bomba, na kioski, watu walishangilia, halafu wakanigeukia kunitania. "Baba Mumbua, hao punda sasa utawafundisha kwaya?" Nilicheka nao. Ndani nilikuwa na hofu. Nani asingekuwa nayo?

Kontrakta alikuwa Mulinge, shemeji yake Kavuti. Kamati ya wananchi ya kusimamia kazi ikachaguliwa, Kimeu mwenyekiti. Huku kwetu kamati hiyo ndiyo inayosema kazi imekubalika, na wananchi wanathibitisha kwa mikono barazani. Hiyo ilikuwa kazi ya Mwalimu wa Kura, jambo la kwanza alilotufundisha tulipiganie. Tuliambiwa bila mikono yetu hakuna atakayelipwa. Tukaona mikono yetu ni kitu.

Kila mtu aliyewahi kujenga hata choo anajua simiti inataka kunyweshwa. Unaimwagia maji asubuhi na jioni, kwa siku nyingi, ipate kushikana. Kwa jua letu ndiyo zaidi, ukiiacha inakauka kabla ya kushikana, inakuwa kama mkate. Mulinge aliponiita kumletea maji ya kunyweshea nguzo, nilileta. Nguzo ya kwanza niliinywesha kwa maji yangu, nilikuwa nikiwamwagia vijana wake kwenye ndoo. Kisha akaniambia nisilete tena, watapata kwingine. Nikamuuliza, "Kwingine wapi, na mto ni mmoja?" Akaniambia nishughulikie punda. Nguzo zilizobaki zilisimamishwa, zikapakwa, zikawekewa tangi, na hakuna aliyebeba maji mpaka pale ila mimi, na mimi nilikuwa nimeambiwa nisilete. Mnara wa maji ukajengwa na kiu.

Nilijua. Nataka lijulikane mapema hivi, lisije likatafutwa huko mwisho.

Kwa nini sikusema? Nilimwambia Kalekye tu, tukila. Akasema, "Kawaambie." Nikamwambia, "Nikisema neno juu ya tangi, watasema natetea punda." Akamega tonge. Kisha akasema, "Na kweli watasema." Tukaiacha hapo. Yeye alilitaka lile bomba. Mgongo wake ulikuwa umechoka na mitungi. Angalau bomba alilipata, siku chache.

Siku ya baraza la kupokea kazi, uwanja wa shule ulijaa. Kavuti alikuwa ameleta mbuzi, na hilo ndilo lililoharibu mambo mapema, kwa sababu mbuzi walichinjwa kabla ya baraza. Kwetu nyama ya mgeni ikiwa motoni, unamkatalia vipi? Harufu ilikuwa inapita katikati ya hotuba. Mulinge alikuwa amejaza tangi kidogo kwa lori la maji, akafungulia bomba ili watoto wacheze. Kimeu akasimama, akasema kamati imeridhika, sasa wananchi waonyeshe mikono.

Mwalimu wa Kura akasimama. Alikuwa na ile kofia yake ya sufu.

"Mwenyekiti, nina swali. Nani alizinywesha nguzo maji?"

Watu wakacheka kwa sababu hawakuelewa. Kimeu akasema, "Mwalimu, nguzo haina mdomo."

"Nimeuliza. Simiti inanyweshwa. Maji ya kunywesha yalitoka wapi, na aliyeyabeba ni nani? Nikijibiwa hilo, tangi lijazwe mpaka juu, likae limejaa hadi soko lijalo, watu wawe mbali. Likisimama, mimi mwenyewe nitainua mikono yote miwili."

Halafu akangoja, amesimama. Hakunitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alikuwa anatazama mbele, juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Alijua ni mimi. Kijiji kizima kilijua kwamba maji yakibebwa kwenda popote ni punda wangu. Hakuna kichwa kilichogeuka lakini nilihisi mgongo wangu unawaka. Kalekye alikuwa ameketi upande wa akina mama. Nilimtafuta kwa macho, naye ananitafuta.

Sikusimama. Si kujibu, wala hata kusimama tu na anayeuliza, jambo ambalo lisingenigharimu neno. Hakuna aliyesimama. Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu kusimama peke yake.

Kavuti akachukua kipaza sauti, anatabasamu. "Mwalimu wetu tunakupenda. Ulienda Ulaya, sisi hatukwenda. Lakini keti, mama, nyama inapoa."

Uwanja ukaangua kicheko. Mtu fulani nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, keti!" Na wengine wakapokea, "Keti! Keti!" Watu aliowafundisha kuandika majina yao. Kimeu akaita mikono. Ikainuka. Na kijana wa Kavuti akapiga picha kwa simu.

Mkono wangu umo. Niliuinua chini chini, kwenye bega, lakini umo.

Tulikula nyama. Mwalimu hakula, akaenda zake kwa miguu. Kiondo chake kilikuwa kinampiga nyongani. Nilitaka kumfuata nimbebe kwa punda. Sikumfuata.

Siku chache baadaye tangi likajazwa mpaka juu, na likaanguka kama nilivyosimulia. Kalekye hakuzikwa peke yake, kulikuwa na mama mwingine na mtoto wake. Mimi nililetwa mazishini kutoka hospitalini nikiwa nimelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, mguu umeshakatwa. Kavuti alizungumza. Alilia, kusema kweli alilia. Kisha akasema, "Hili ni pigo letu sote. Wananchi wenyewe walikagua na wakapitisha. Demokrasia ina uchungu wake." Mulinge alikuwa nyuma yake, miwani myeusi. Watu wakaitikia amina.

Walipokuja wa kuchunguza, Kimeu aliwaonyesha ile picha kwenye simu. Mikono juu, uwanja mzima. Mwalimu pekee ndiye anayeonekana ameteremsha mikono, na hata hilo walilitumia: wakasema yeye ndiye aliyetuletea hayo mambo ya kupitisha miradi kwa mikono, yeye atoe maelezo. Aliitwa mara nyingi kuliko Mulinge. Wengine wetu, na nasema wetu, tulianza kumkwepa njiani. Ilikuwa rahisi kumkwepa yeye kuliko kumkumbuka amesimama. Mume wake alipofariki, binti yake alimchukua, akahamia Salama kule barabarani, ambako binti ana duka. Hakuna aliyemwandalia kikao cha kumuaga.

Uchunguzi uliishia hapo. Kavuti akamaliza muhula. Mulinge akajenga mahali pengine. Kimeu bado ni mwenyekiti wa jambo fulani, siku zote ana kitu cha kuwa mwenyekiti wake.

Mumbua alifika umri wa kitambulisho. Alikichukua, akasajili laini ya simu. Nilipomwambia akajiandikishe kura, aliendelea kufua.

"Nipige kura ndio mikono yangu pia ipigwe picha?"

"Kura ni ya siri, mwanangu. Hakuna mikono."

"Mama alikufa kwa uamuzi wa wananchi. Si ndivyo walivyosema? Baba, wewe ulikuwepo. Niambie, nani alimuua mama?"

Nikasema, "Kavuti na Mulinge na Kimeu."

Akakamua nguo. "Na waliambiwaje? Mlipowauliza?"

Hatukuwa tumewauliza. Ndipo nikaamua kwenda Salama.

Nilimkuta nyuma ya duka la binti yake, amekaa kwenye kreti ya soda, malori yanapita barabarani mpaka ukuta unatetemeka. Amezeeka. Jicho moja lina ukungu. Kofia ilikuwepo. Nilisimama mbele yake na magongo yangu.

"Baba Mumbua," akasema. "Punda?"

"Mmoja alikufa siku ile. Mwingine nilimuuza."

"Na Mumbua?"

Nikamwambia yote, maneno ya Mumbua kama alivyoyasema. Nikamwomba, "Mwaitu, njoo uongee naye. Wewe anakusikia. Mwambie kura ina maana."

Alicheka kidogo bila furaha. "Nimwambie mimi? Mimi nilimwambia kwa kibuyu na ndengu, akaelewa vizuri sana. Akauliza swali kama nilivyomfundisha. Aliyeulizwa ni wewe."

Lori likapita. Nikangoja lipite, kwa sababu nililokuwa nalo sikutaka kulipigia kelele.

"Mbona hukunitaja? Ulijua ni mimi. Ungesema tu, Baba Mumbua simama, ningesimama. Ningesema. Kalekye angekuwa hai."

Alikuwa anajisugua vidole, kama siku ile na kile kipande cha nguzo.

"Nilikungoja," akasema. "Nilijua utasimama. Yule mjane wa toroli alisimama. Nikasema moyoni, huyu naye atasimama, kama si leo, kikao kijacho. Nilisahau kwamba toroli haiui mtu." Akafuta lile jicho la ukungu. "Usiku nalala nikiwaita kwa jina. Wewe kwanza. Kila usiku nakutaja, unasimama. Niliwafundisha kuuliza, mwanangu. Kujibu sikuwafundisha. Nilidhani kunakuja kwenyewe."

Nilitaka anilaumu. Nilikuwa nimesafiri kwa hilo, kama nitasema ukweli. Nilitaka anitukane ili nirudi nyumbani nimelipa. Badala yake alijitwisha lawama yeye, na mimi nilikuwa nimeifuata iwe yangu. Tukabaki pale kama watu wawili wanaogombea kulipa bili.

Binti yake alituletea chai. Alipotaka kunisogezea kreti niketi, Mwalimu akamwambia, "Mwache asimame. Amezoea kuketi."

Lilinichoma hilo. Na alikusudia. Nilipoaga, alinishika mkono, ule wa kulia, akaugeuza kama anatafuta kitu.

"Ndio huu?" akauliza.

"Ndio huo."

"Bado ni mzima," akasema, akaniachilia.

Kavuti amerudi. Anautaka tena ule wadhifa, na Jumamosi iliyopita aliitisha baraza uwanjani pale pale shuleni. Kimeu ndiye aliyeendesha. Mulinge alikuwepo kwenye gari, kioo kimefunguliwa nusu. Mbuzi walikuwa wamechinjwa mapema, kama kawaida yao. Kavuti akasema atatuletea maji.

Nikasimama. Kwa magongo si jambo la haraka, kwa hiyo kila mtu alipata nafasi ya kuona. Nikasema, "Mwenyekiti, kuna swali liliulizwa uwanja huu, halikujibiwa. Mwalimu aliuliza nani alizinywesha nguzo maji. Najibu mimi. Nguzo ya kwanza niliinywesha mimi. Zilizobaki hazikunyweshwa na mtu. Mulinge aliniambia nisilete maji. Nilijua, nikaketi, nikainua mkono. Hiyo ni yangu, naibeba. Sasa yenu. Mulinge, kwa nini ulinikataza? Kimeu, ulikuwa mwenyekiti wa kamati, uliikagua nguzo ipi? Kavuti, ni nani aliyempa shemeji yako ile kazi?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha Kavuti akatafuta tabasamu lake, akalipata. "Mzee wa punda, pole sana kwa yaliyokupata. Keti, mguu utachoka."

"Mmoja umeshachoka," nikasema. "Nimebaki na huu."

Nyuma yangu nikasikia kiti cha plastiki kikisogezwa. Sikugeuka, lakini nilijua mwendo wake, ni wa mama yake. Mumbua alikuja akasimama kando yangu, mikono amekunja, hasemi. Kisha yule mjane wa toroli. Kisha wengine, si wote. Wapo waliotazama viatu vyao, na siwalaumu, ninavijua viatu hivyo. Kijana wa Kavuti akatoa simu apige picha, Mumbua akamwambia, "Piga vizuri, tuonekane wote."

Kioo cha gari kikapanda. Kimeu akafunga mkutano kwa maombi, na tukaombewa tukiwa tumesimama. Wakaondoka. Jibu hawakuacha.

Ndiyo maana nimeandika. Baraza lingine wamelitangaza, na mimi nitakuwa pale, na kama nitakuwa nimelala hospitalini au nimezikwa, msichana wangu atakuwa pale. Kavuti, Mulinge, Kimeu: mikono mmeshaiona, mnayo kwenye simu zenu, sisi hatuikatai. Swali lililobaki ni lenu. Kalekye mke wangu alikufa na mtungi mkononi chini ya nguzo mlizozinyima maji. Nani alisema zinyimwe? Semeni. Tumesimama, tunangoja.